Kufuli la Bi Amatullah

Kama hujawahi kumwona mtu mzima akigombana na kompyuta, ungepita karakana ya Bi Amatullah Jumatatu ile, saa mbili unusu ya asubuhi. Alikuwa amesimama mikono kiunoni, buibui limemteleza begani, anaisemesha mashine kama asemeshwavyo mpangaji mkorofi. "Nazima, nawasha, hutaki. Nabembeleza, hutaki. Wataka nini wewe?" Kompyuta haikumjibu. Iliandika tu kwa herufi nyekundu kwamba leseni imesitishwa, tafadhali wasiliana na wakala.

Karakana yenyewe si kubwa. Ni chumba cha chini katika nyumba ya mawe ya Mji wa Kale, vichochoro vitatu kutoka Ngome ya Yesu, na ndani mna mashine mbili za kudarizi, meza ya kukatia na benchi moja la kukalia wageni. Hapo hudariziwa kanzu na majoho ya mabwana harusi. Na kwa wasiojua nawaambia: koo za zamani za pale mjini, kila moja ina nakshi yake ya shingo ya joho. Bwana harusi hasimami mbele ya kadhi na nakshi ya kuokota dukani. Huvaa ileile aliyovaa baba yake, na babu yake kabla ya baba. Na mwenye kuishika nakshi si ule ukoo, ni fundi. Ukoo huja kwa fundi wake na kusema, "Tuna harusi," basi. Fundi ajua.

Nyumba ya Bi Amatullah ilishika nakshi arubaini na moja, zilizoanza na nyanya yake, Mwanakuu, aliyezichora kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi za kufungia sukari. Na Ijumaa ya wiki ile, baada ya sala ya Laasiri, alikuwa aoe Ziad, mjukuu wa Bi Mona. Ukoo wa Bi Mona nakshi yao huitwa Vikuba: safu ya vikuba, vile vishada vidogo vya rihani na asumini wavaavyo wanawake, vinashuka kutoka mabegani hadi kifuani, vyote vikitazama juu isipokuwa kimoja kinachotazama chini. Kwa nini kimoja kimepinduliwa, hakuna ajuaye. Lakini kisipokuwepo, Bi Mona atajua, na akishajua Bi Mona, mji mzima utakuwa umejua kabla ya Magharibi.

Sasa Vikuba ilikuwa ndani ya ile kompyuta, na kompyuta haifunguki. Joho la baba yake Ziad lilitolewa sadaka alipofariki. Picha ya harusi yake ipo, lakini shada la maua alilovishwa limefunika shingo yote. Na zile karatasi za sukari? Ewe msomaji, hapo ndipo pa kushika kichwa. Karatasi Bi Amatullah alizichoma mwenyewe.

Usimcheke kwanza. Miaka saba nyuma, nakshi ya ukoo mmoja ilionekana imedariziwa kwenye mito ya makochi, inauzwa kwa watalii pale Ngomeni. Mama yake Bi Amatullah, aliyekuwa hai wakati ule, alikaa siku tatu bila kutoka nje kwa aibu. Ndipo akaja wakala na programu ya kudarizia kwa kompyuta, ya kulipiwa kila mwaka, na katika sifa zake zote moja ndiyo iliyomnasa Bi Amatullah: ina kufuli. Ukishaweka nakshi yako, haifunguliwi na programu nyingine yoyote duniani, ila hiyo, kwa leseni yako. Bi Amatullah hakuuliza swali la pili. Alikaa na mama yake miaka miwili wakiziingiza nakshi moja moja, na walipomaliza ya arubaini na moja, akawasha jiko la makaa uani, akazitia karatasi motoni. Alilala vizuri sana siku ile.

Na si karatasi tu. Kahindi, fundi wa mashine, mtu wa Kaloleni aliyefanya kazi naye miaka kumi na sita, naye aliwekewa sheria. Kila asubuhi Bi Amatullah humtilia nakshi moja kwenye flashi, Kahindi huichukua kwenye mashine, hudarizi, kisha huifuta na kumrudishia. "Onyesha," husema Bi Amatullah. Kahindi humwonyesha flashi tupu. Hakununa hata siku moja, na Bi Amatullah hakuwahi kujiuliza kama jambo lile lamuuma.

Basi Jumatatu alimpigia wakala Nairobi. Akajibiwa na binti mwenye sauti ya upole, Beryl.

"Mama, leseni yako imelipiwa, hilo naliona," alisema Beryl. "Shida ni kwamba mfumo unasema saa ya kompyuta yako imerudishwa nyuma kwa saa sita. Mfumo huhesabu hivyo kama udanganyifu. Watu hurudisha saa ili leseni isiishe."

"Mimi nirudishe saa nyuma? Ili iweje, mwanangu? Mimi nalipa kabla siku haijafika."

"Naelewa, mama. Tutatuma ombi makao makuu wakague. Ni siku kumi na nne za kazi."

"Harusi ni Ijumaa hii."

"Pole sana, mama. Ukitaka unaweza kununua leseni mpya leo leo. Lakini mafaili ya zamani yamefungwa kwa leseni ya zamani, hiyo mpya haitayafungua."

Bi Amatullah alikata simu, akaketi. Kufuli alilinunua mwenyewe, na ufunguo uko kwa watu asiowajua, katika nchi asiyoijua, nao wana siku zao kumi na nne.

Jumanne akamwita Winnie. Winnie hutengeneza kompyuta Mwembe Tayari, juu ya hoteli moja karibu na mabasi ya bara, na ni msichana asiye na maneno mengi. Alikuja saa nne ya asubuhi, akamwamkia Mzee Taha, baba yake Bi Amatullah, aliyekuwa benchini na gazeti lake kama kila siku, akaketi mbele ya kompyuta. Akatazama pembeni ya kioo, akatazama simu yake, akatazama tena kioo.

"Hii saa mbona inasema kumi alfajiri?"

"Yasema nne," alijibu Mzee Taha bila kuinua uso. "Soma vizuri."

Ni kweli, pembeni pameandikwa nne na dakika saba. Winnie akageuka kwa Bi Amatullah. Bi Amatullah akageuka kwa baba yake.

"Baba. Saa hii umeigusa?"

"Nimeitengeneza," alisema Mzee Taha, na hapo akaliweka gazeti chini, maana alikuwa akingoja kwa siku kadhaa mtu amsifu. "Mwaka mzima nimekaa hapa naitazama. Watu wote wajua ni saa nne, muadhini ajua, muuza kahawa ajua, yeye yuwasema kumi. Nikasema hii ni mbovu. Jumamosi nikabonyeza hapo penye saa, ikaniuliza, nikaijibu. Sasa iko sawa."

Kahindi aliinamia uzi wake, mabega yanamtikisika. Bi Amatullah alitaka kucheka na alitaka kulia, na kwa kuwa baba hagombezwi, alitoka uani akanywa maji gilasi mbili, moja baada ya nyingine. Waungwana, ni nani katika wale waliotunga ule mfumo, huko waliko, aliyewaza kwamba kuna mji ambao jua likichomoza saa huwa ni kumi na mbili, na mzee mwenye akili zake timamu ataona kompyuta ndiyo iliyokosea?

Winnie aliirudisha saa ilivyokuwa. Haikusaidia kitu. Ikawa sasa saa imechezewa mara mbili, na maandishi mekundu yakaongezeka mstari.

"Mama, kuna programu nyingine ya kudarizi," alisema Winnie. "Ni ya huria. Haina leseni ya kuisha, haina habari na saa yako. Nikuwekee?"

"Kiasi gani?"

"Bure."

"Ya nani?"

"Ya watu wengi. Mmoja aongeza hiki, mwingine arekebisha kile. Kila mtu aweza kuifungua aone ilivyotengenezwa ndani."

"Ishia hapo," alisema Bi Amatullah. "Kila mtu aone ndani, na nakshi zangu zimo ndani? Wataka niwauzie watalii mito?"

Winnie hakukasirika. "Mama, wewe wapika pilau. Jinsi ya kupika pilau kila mtu ajua, mtu akitaka kujifunza hakatazwi. Lakini pilau lililo sufuriani mwako nani atalila bila wewe kumpakulia? Watu waiona programu. Nakshi zako hakuna azionaye."

Bi Amatullah alikuna shavu. Hakutaka kusema ameelewa, lakini alikuwa ameelewa. "Haya weka. Ifungue Vikuba."

Ndipo lilipokuja pigo lenyewe. Programu ikawekwa, ikafunguka vizuri, na mafaili ikashindwa kuyasoma. Winnie alijaribu hadi adhana ya Adhuhuri. "Yamefungwa kisawasawa, mama," alisema. "Aliyeyafunga alijua kazi yake." Akaaga, akasema akihitajiwa apigiwe.

Jioni ile na Jumatano asubuhi Bi Amatullah alichora. Alichora kwa kumbukumbu, karatasi baada ya karatasi, na kila alipomaliza moja alijua siyo. Vikuba ni kumi na viwili au kumi na vinne? Kilichopinduliwa ni cha mkono wa kushoto au wa kulia? Ameudarizi mchoro ule mara ngapi maishani, na bado mkono ulikataa, kwa sababu kwa miaka saba mkono haukuchora, ulibonyeza tu. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Alihisi amemfukia mama yake mara ya pili.

Baada ya Adhuhuri akavaa buibui. Alikuwa aenda kwa Bi Mona kumwambia ukweli: nakshi yenu niliishika mimi, na mimi nimeipoteza. Alifika mlangoni, akamkuta Kahindi amesimama hapo hapo, mgongo umeelekea nje, kopo la maziwa ya unga mkononi.

"Bi Amatullah, nipe dakika moja. Kisha uniseme utakavyo."

"Niache nipite, Kahindi, sina nafasi."

"Nafasi ndiyo hii." Akalifungua kopo. Ndani mlikuwa na flashi moja, imeviringishwa kitambaa. "Zimo zote. Arubaini na moja. Kila uliyonipa, niliitia huku kupitia mashine kabla ya kuifuta kule. Ile niliyokuwa nikikuonyesha tupu ilikuwa tupu kweli. Hii hukuijua."

Bi Amatullah aliitazama flashi.

"Ule mwaka uliokwenda Umra," Kahindi aliendelea, anaongea haraka kama anayeogopa kukatizwa, "umeme ulikatika ukaiharibu flashi, shingo ikiwa nusu, na kompyuta umeifunga. Mteja alikaa hapa benchini siku mbili akinitukana. Nikasema sitatukanwa tena kwa jambo hili. Nikaanza kuziweka. Nilijua umekataza. Najua nimevunja amri yako."

"Kopo hili lakaa wapi?"

"Nyumbani. Juu ya kabati."

"Miaka mingapi?"

"Minne, Bi."

Bi Amatullah alirudi ndani, akavua buibui, akalitupa mezani juu ya vitambaa. "Mpigie Winnie," alisema.

Sasa, mashine ya kudarizi haina makuu. Hiyo haisomi yale mafaili yenye kufuli, husoma mishono mitupu: sindano ishuke hapa, iende pale, ikate uzi. Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye flashi ya Kahindi, na hayo ndiyo ambayo ile programu ya bure iliyasoma mara moja, bila kuuliza wewe nani. Winnie alibonyeza, na Vikuba ikajitandaza kwenye kioo. Vikuba kumi na vinne. Kilichopinduliwa kiko kushoto, cha tatu kutoka chini. Bi Amatullah aliweka kidole juu yake pale kiooni, na akakuta hawezi kukiondoa upesi.

Lakini mambo hayaishi hivyo tu. Nakshi ile ilipimwa kwa kaka yake Ziad, kijana mwembamba ambaye posa yake ilivunjika joho halijatiwa uzi. Ziad mwenyewe, Mungu amzidishie, ana shingo ya mtu anayekula. Walipoivuta iwe kubwa, mishono ikaachana, vikuba vikaonekana kama vimeliwa na nondo. Winnie akaandika swali kwenye ukumbi wa wenye programu ile huko mtandaoni, akaambatisha picha ya kikuba kimoja tu, kwa sharti la Bi Amatullah. Wakanywa chai. Chai haijapoa, jibu likaja, limetoka kwa mwanamume mmoja huko mbali sana anayedarizi vitambaa vya kutandika farasi: msiuvute mshono, ugeuzeni kwanza uwe umbo, kisha mtie mishono upya, na hivi ndivyo. Akawapa hatua zote. Hamjui Bi Amatullah, hamjui Ziad, hakulipwa hata senti. Mzee Taha aliposomewa, aliuliza kama huyo bwana wa farasi saa zake azihesabuje.

Kazi ilimchukua Bi Amatullah alasiri nzima. Sisemi programu ile ilikuwa tamu. Vitufe vyake vimepangwa kama vyombo siku ya kuhama nyumba, na mara mbili alitamani kuitupa nje kwa dirisha. Ile ya kulipia ilikuwa laini mkononi, haki yake naipa. Na Beryl naye hakusema uongo, maana siku ya kumi na mbili alipiga simu kusema leseni imefunguliwa na kuomba radhi, na Bi Amatullah alimshukuru kwa dhati, akazitoa nakshi zake zote humo siku ileile. Lakini hayo ni ya baadaye. Jumatano ile, kabla ya Magharibi, walijaribu kwenye kitambaa kibovu. Mashine ikaimba, kikuba cha kwanza kikatoka, cha pili, na kilipotoka kile kinachotazama chini, Bi Amatullah aliketi sakafuni palepale, miguu imenyooka mbele kama mtoto, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ulikuwa ni ule mzigo wa siku tatu umeshuka.

Alhamisi joho lilidariziwa kwa uzi wa dhahabu tangu asubuhi. Bi Mona alikuja mwenyewe baada ya Laasiri, ameshikwa mkono na mtumishi. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Alikalishwa benchini karibu na Mzee Taha, akawekewa joho mapajani, akapitisha vidole shingoni polepole, midomo ikihesabu. Vidole vilifika kushoto, vikasimama, vikakizunguka kikuba kimoja.

"Huyu hapa mpotovu wetu," alisema Bi Mona. "Babu yake Ziad alikuwa akinishika mkono aniwekee hapa. Nilidhani sitamgusa tena." Akalikunja joho mwenyewe, akaliweka kifuani, akaomba aitiwe tuktuk. Alikuwa analia na wala hakujificha.

Alipokwisha kwenda, Bi Amatullah alisimama katikati ya chumba asijue mikono aiweke wapi kwa raha aliyokuwa nayo. Akageuka amwite Kahindi wanywe kahawa. Kahindi alikuwa kwenye kona yake, amepanga vitu vyake ndani ya mfuko wa plastiki: mkasi wake, miwani, kikombe chake cha chai. Meza ya mashine ameipangusa, inang'aa.

"Waenda wapi?"

"Kazi imekwisha, Bi. Nilingoja joho litoke." Hakuinua uso. "Nilijua tangu jana nilipolileta kopo. Nilikaa na mke wangu Jumatatu, nikakaa naye Jumanne, tukasema hakuna njia, lazima niseme, hata kama ndiyo mwisho. Sikudai neno. Miaka kumi na sita ni mingi, nashukuru."

Bi Amatullah aliutazama ule mfuko. Huyu mtu alikuwa na nakshi zote za nyumba hii ndani ya kopo, juu ya kabati, Kaloleni, kwa miaka minne. Angeweza kuziuza Ngomeni siku yoyote, akajenga. Hakuuza hata moja. Na yeye Bi Amatullah kila jioni akimwambia onyesha, kama mwizi anayepekuliwa mlangoni, naye akionyesha. Na alipozitoa, alizitoa akijua zitamfukuzisha kazi.

Akamwendea, akautwaa ule mfuko mkononi mwake. Akatoa mkasi, akaurudisha juu ya meza mahali pake. Akatoa miwani. Akatoa kikombe, akakiweka kando ya mashine.

"Nisamehe, Kahindi," alisema. "Nilikufungia wewe mlango."

Kahindi akakisogeza kikombe mahali pake pa kila siku.

"Kopo rudi nalo nyumbani, uliweke palepale juu ya kabati. Mwambie mkeo ni amana ya nyumba hii, na mwenye kuiweka ni wewe. Mimi nitaweka nakala yangu hapa. Na kesho usichelewe, twende sote harusini."